Shangazi Hakuujua Udongo

1

"Tumbo ni tupu," alisema Shangazi kwa sauti yake ya upole. "Mgonjwa anaweza kupewa usingizi."

Atuganile Mwambene hakuinua kichwa cha kipimo. Alikiacha palepale, chini kidogo ya chembe cha moyo cha mgonjwa, juu ya jeli iliyokwisha kupoa, akaendelea kuitazama picha kwenye kioo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameisikia hukumu ile mara nyingi kiasi kwamba mkono wake ulizoea kujiondoa kabla neno la mwisho halijatamkwa. Leo haukujiondoa, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini.

Kwenye nyaraka, mashine ile iliitwa Msomaji wa Tumbo. Watu wa Rungwe waliiita Shangazi, kwa sababu ilijua ulichokula na saa uliyokila, wala haikuona haya kukitangaza mbele za watu. Ilipeleka mwilini mawimbi ya sauti yasiyosikika, ikapokea mwangwi wake, na kutokana na mwangwi huo ikachora picha. Maji yalionekana meusi. Ndizi na ugali vilionekana kama kioo cha dirisha kilichoshika ukungu. Tumbo tupu lilikuwa dogo na bapa, kuta zake zimelaliana. Shangazi akishasoma, hukumu yake ilipita kwenye waya hadi kwa mashine ya pili, Mlazaji, ambayo ndiyo iliyopima dawa na kumlaza mtu kwa barakoa. Kazi ya Atuganile ilikuwa kushika kichwa cha kipimo kwa utulivu na kupaka jeli.

Nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, simu ililia kengele ndogo. Mwanamke mmoja akasoma kwa sauti ili korido nzima isikie: "'Mwanakaya wenu Subilaga amesomwa. Tumbo: tupu.' Haya, nilisema mimi! Hajala huyu!"

Alikuwa Mama Lusekelo, mama mkwe wa mgonjwa. Kila jambo lililoandikwa juu ya mgonjwa lilifika papo hapo kwenye Daftari la Kaya, na kutoka huko likafika kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba yake.

"Sista Atu," alisema Daktari Pendael, mpasuaji, akiwa ameinua mikono yake iliyooshwa kana kwamba anajisalimisha. "Mkono huu hautusubiri. Mkanda wa kuzuia damu umefungwa tangu saa tatu, na sasa ni saa tatu na nusu. Tukichezacheza tutashona mkono uliokufa."

"Naona, daktari."

"Unaona nini? Shangazi ameshasema."

Subilaga, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, alikuwa dereva wa mashine ya kuchumia chai. Asubuhi ile alishuka kuondoa tawi lililokwama kwenye meno ya mashine, nayo ikamnyaka mkono wa kulia na kukata mishipa miwili ya damu juu ya kiwiko cha mkono. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya majivu. Alilala akiwa macho, midomo imemkauka, akimtazama Atuganile.

Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja mweupe mno, na chini yake kivuli kizito. Shangazi alikuwa ameuandika pembeni: HEWA. Hewa tumboni si jambo la ajabu. Hata hivyo, Atuganile alifundishwa chuoni, enzi watu walipokuwa bado wanasoma picha kwa macho yao, kwamba hewa hailali chini. Akamwomba mgonjwa ageuke kidogo upande wa kulia. Kama ni hewa, weupe ule ungepanda juu.

Weupe ulishuka. Ulishuka polepole, kwa uzito, ukatulia penye kona ya chini.

"Tumbo ni tupu," alirudia Shangazi.

2

Ni vyema ieleweke kwa nini jambo hili lilimsumbua. Mtu aliyepewa usingizi hulegea hata mahali ambapo hakujua kuwa anajikaza. Koo lake, ambalo saa zote hulinda njia ya pumzi, huacha ulinzi. Tumbo likiwa na kitu, kitu hicho chaweza kupanda na kuingia mapafuni, na mgonjwa akazama katika chakula chake mwenyewe akiwa juu ya kitanda kikavu.

Asubuhi hiyohiyo, kabla hajavaa kofia ya kazi, Atuganile alikuwa amesoma waraka uliobandikwa kwenye ubao. Wanawake watatu, katika hospitali tatu zilizo mbalimbali, wote chini ya miaka thelathini na mitano, wote wamesomwa TUPU, walikuwa wametapika usingizini na kufa. Waraka ulimalizia hivi: chanzo hakijulikani, watumishi waendelee kufuata kipimo.

Chini ya waraka huo ulining'inia ubao wa siku nyingi, wenye herufi nyekundu: MGONJWA HAULIZWI.

Kanuni hiyo ilikuwa na sababu yake, na Atuganile, aliyependa kila kitu kiwe na sababu yake, hakuwahi kuilalamikia. Zamani wagonjwa waliulizwa, nao walidanganya. Wengine waliona aibu kukiri kwamba walikunywa uji kwa siri, wengine waliogopa kuahirishiwa, na wengine walijibiwa na ndugu zao ambao hawakuwapo wakati wa kula. Shangazi alipokuja, maswali yalifutwa. Kumuuliza mgonjwa alichokula kulihesabiwa kuwa kumdhalilisha na kukidharau kipimo, na Shangazi alikuwa na masikio.

Palikuwa na kitufe cha njano kilichoandikwa SHAKA. Akikibonyeza, Mlazaji angejifunga, na mgonjwa angelazimika kupelekwa hospitali ya rufaa. Ndege ya wagonjwa haikuwa ikiruka, kwani ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai tangu alfajiri. Kwa barabara ulikuwa mwendo wa karibu saa mbili. Mkono usingefika ukiwa hai. Na asipobonyeza, huenda mkono ungepona na mwenye mkono asiamke.

Au huenda ilikuwa hewa kweli, na macho yake yalikuwa yamezeeka. Hilo nalo alilifikiria.

Akainama. "Mwanangu, umekula nini leo?"

"Swali limerekodiwa," alisema Shangazi.

Daktari Pendael alishusha mikono yake. "Sista! Unatafuta barua ya onyo?"

"Sijala kitu, mama," alijibu Subilaga kwa sauti iliyokwaruza. "Tangu jana jioni. Hata chai sikuigusa. Kichefuchefu."

"Hajala!" Mama Lusekelo alipaza sauti kutoka nyuma ya mlango. "Nimempikia ndizi za nazi kwa mikono yangu, akasukuma sahani kama ananifukuza! Muulizeni vizuri, anajidai nini siku hizi!"

Basi mashahidi walikuwa watatu: mashine, mgonjwa na mama mkwe, na wote walikubaliana. Aliyepingana nao alikuwa mtu mmoja tu, mwanamke wa miaka hamsini na minne mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hata yeye hakuwa na hakika alichokuwa anakipinga. Alihisi kama mwalimu anayesahihisha hesabu ambayo jibu lake ni sahihi, na njia yake ni sahihi, ila kitabu si cha mwanafunzi yule.

Alisogea karibu zaidi ili amfute mgonjwa jasho. Ndipo aliposikia harufu.

Ilikuwa harufu ya mvua. Si mvua ya masika ambayo watu wamekwisha kuizoea, bali ile ya kwanza kabisa, inapodondokea vumbi la kiangazi na ardhi ikapumua. Nje kulikuwa na ukungu na majani mabichi. Hapakuwa na vumbi wala mvua. Harufu ilitoka kinywani mwa Subilaga.

Atuganile alimtazama. Subilaga akautazama mlango, kisha akaifumbua taratibu ngumi ya mkono wake mzima, mkono ambao tangu afike hakuwa ameufungua hata alipochomwa sindano. Ndani yake kulikuwa na kipande cha udongo mweupe, kidogo kama kucha ya gumba, kimelainishwa na jasho.

Pemba. Udongo wa kula, unaouzwa sokoni katika vifungu vya karatasi.

Hakuwa amedanganya. Hapana mtu katika wilaya nzima ambaye angeulizwa amekula nini akahesabu udongo. Ungekuwa kama kuhesabu mate.

Kisha mkono ule ukashuka, ukatulia chini ya kitovu, na Subilaga akatikisa kichwa kuelekea mlangoni: wasijue.

3

Atuganile alinyoosha mkono ukutani, akachomoa waya wa Shangazi kwenye soketi.

"Umeme umekatika," alisema kwa sauti kubwa.

"Taa mbona zinawaka?" aliuliza Daktari Pendael.

"Umekatika hapa kwangu, daktari. Itachukua dakika mbili kuwaka tena. Sogea." Akainama hadi sikioni mwa mgonjwa. "Haya, mwanangu, sema. Hakuna anayetusikia tukinong'ona. Wa miezi mingapi?"

"Wiki kumi na moja, mama."

"Na udongo?"

"Asubuhi nimekula mwingi. Usipokuwapo natapika hadi nyongo. Nimekula njia nzima ya kwenda shambani."

"Mwingi kiasi gani?"

"Kifungu kizima. Na nusu ya kingine."

Daktari Pendael alifumba macho, akayafumbua. "Kwa hiyo pale ndani pana…"

"Pana tope," alisema Atuganile. "Shangazi hajawahi kufundishwa tope. Ameona kitu cheupe chenye kivuli, akakipa jina la kitu anachokijua."

"Mama," Subilaga alimshika kiganja, "usiwaambie. Mara tatu walijua mapema. Mara tatu mama mkwe alishona nguo za mtoto, akaita watu, wakala. Mara tatu wakarudi hao hao kunipa pole. Nilijiapia huyu nitambeba peke yangu mpaka acheze. Akicheza tumboni nitasema mwenyewe. Ukiandika udongo, Daftari litawaambia kabla hujafunga kalamu."

Alisema kweli. Wakunga walikwisha kulifundisha Daftari miaka mingi nyuma kwamba mwanamke anayekula udongo huenda ni mjamzito. Ajabu ilikuwa hiyo: Daftari lilijua maana ya udongo lakini halikuwa na macho, na Shangazi alikuwa na macho lakini hakujua sura yake. Hapana aliyewakutanisha.

"Daktari atajua, kwa sababu lazima ajue," alisema Atuganile. "Atajua kwa mdomo tu. Unakubali?"

"Nakubali."

"Nimeshasikia, na nimeshasahau," alisema Daktari Pendael. "Lakini bado hujaniambia tunamlazaje."

"Hatumlazi. Tunaulaza mkono."

Alikuwa amefundishwa kufanya hivyo akiwa na miaka ishirini na saba, na mara ya mwisho alifanya kabla Mlazaji hajaletwa. Ganzi huingizwa juu ya mfupa wa mtulinga, mahali ambapo mishipa yote ya fahamu ya mkono hupita ikiwa imesongamana kando ya mshipa mkubwa wa damu. Ukipatia, mkono mzima hufa ganzi na mwenyewe anabaki macho, koo lake likiendelea kulinda. Ukikosea kidogo upande mmoja umetoboa mshipa; upande mwingine, pafu.

Waya uliporudishwa, Shangazi aliwaka. Atuganile alikiweka kichwa cha kipimo juu ya bega la Subilaga.

"Eneo hili si tumbo," alisema Shangazi. "Tafadhali rudi tumboni."

"Nimesikia, Shangazi."

"Eneo hili si tumbo."

"Hivi haina mahali pa kuizima mdomo?" aliuliza Daktari Pendael.

"Kama ingekuwa napo, isingeitwa Shangazi."

Subilaga alicheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye maumivu. Kwenye kioo, mshipa wa damu ulidunda, duara jeusi linalopumua. Kando yake Atuganile aliitafuta mishipa ya fahamu. Mwalimu wake alikuwa akisema inafanana na kishada cha zabibu. Yeye, aliyezaliwa mahali pasipo na zabibu, aliikariri kama mayai ya chura yaliyoshikamana ukingoni mwa kijito, na sasa, baada ya miaka yote ile, yakatokea: mayai ya chura, meusi, yamezungukwa na weupe. Aliingiza sindano akiifuata kwa macho, hatua kwa hatua, kama anayeongoza uzi kwenye tundu. Dawa ilipoingia, mayai yalielea na kuachana.

"Eneo hili si tumbo," alisema Shangazi, safari hii kwa mkazo.

Baada ya dakika kumi na saba, Daktari Pendael alibana ngozi ya mkono kwa koleo. Subilaga alikuwa akitazama dari.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Basi tunaanza."

4

Saa nane mchana vidole vya Subilaga vilikuwa vyekundu na vya moto. Mama Lusekelo alivishika kimoja kimoja, akisema ndaga, ndaga, asante ya kwao, huku akimuuliza kila apitaye kwa nini mkwe wake hakupewa usingizi kama wagonjwa wengine.

Fomu nayo iliuliza hivyo hivyo. SABABU YA KUACHA USINGIZI. Atuganile aliandika: "Mtumishi hakuridhika na picha." Hilo lilikuwa kweli, nalo lingemletea barua ya onyo ambayo angeiweka kwenye faili pamoja na vyeti vyake.

Chini yake palikuwa na sehemu ya pili: MAREKEBISHO YA KIPIMO. Kinachoandikwa hapo, pamoja na picha yake, hufundishwa kwa Shangazi wote nchini kabla ya asubuhi inayofuata.

Akiliandika neno moja, udongo, mwanamke aliyemwamini angesikia siri yake ikisomwa koridoni. Asipoliandika, kesho au keshokutwa mahali fulani mtu angesomwa TUPU akiwa na kifungu na nusu tumboni. Wale watatu wa kwenye waraka walikuwa na majina. Alijaribu kuwapima na Subilaga, akagundua kwamba hakujua anapima kwa kipimo gani. Mmoja aliye hai na anayeonekana, wengi wasioonekana. Siri aliyoaminiwa, na kanuni. Kila alipoupata mpangilio, ulivunjika mwenyewe.

Alikwenda wodini.

"Wiki ngapi hadi acheze?" alinong'ona.

"Saba. Labda nane." Subilaga alimtazama kwa hofu. "Mama, umeandika?"

"Sijaandika."

Wiki saba. Labda nane. Atuganile alisimama kando ya kitanda, akakunja upya shuka ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa vizuri, kisha akatoka kwa lango la nyuma linaloelekea sokoni.

"Nipe vifungu viwili vya pemba," alimwambia muuzaji, mwanamke mnene aliyekuwa akipanga udongo wake kwa ukubwa.

"Mama Gwakisa! Hata wewe? Mjane wa watu?" Muuzaji aliangua kicheko. "Nani huyo, nasi tumjue?"

"Funga, mama, nina haraka."

"Haraka tumeiona!"

Aliula akirudi njiani. Hakuwa ameweka kitu kinywani tangu asubuhi, na udongo ulikuwa mkavu, wa moshi kidogo, ukalainika na kuganda juu ya ulimi kama chaki iliyolowa. Kifungu cha kwanza kilikwenda. Cha pili alikimaliza akiwa amesimama mbele ya Daktari Pendael, aliyemwita awe shahidi.

"Sista, una hakika unajua unachofanya?"

"Sina," alisema, akajilaza kitandani, akajipaka jeli.

Mstari mweupe. Kivuli. Akageuka upande wa kulia, na weupe ukashuka.

"Tumbo ni tupu," alisema Shangazi. "Mgonjwa anaweza kupewa usingizi."

Atuganile aliihifadhi picha, akaifungua fomu mpya kwa jina lake mwenyewe, akaandika kwa utaratibu: aina ya udongo, kiasi, saa ya kula, jina la shahidi, kwamba weupe huu hushuka badala ya kupanda, kwamba usiitwe hewa. Daktari Pendael alitia sahihi. Alipofika mwisho, fomu ilimuuliza swali moja zaidi: JE, MAREKEBISHO HAYA YANATOKANA NA MGONJWA MWINGINE?

Katika miaka ishirini na saba ya kazi hakuwa amewahi kuandika uongo kwenye fomu, hata wa tarehe. Aliitazama ile nafasi ndogo. Tumbo lilikuwa lake. Udongo ulikuwa wake. Je, huo ulikuwa uongo, au ulikuwa ukweli uliokatwa mahali panapofaa?

Akaandika: Hapana.

"Marekebisho yamepokelewa," alisema Shangazi. "Wanakaya watajulishwa."

Simu yake haikuchukua dakika kabla ya kulia. Alikuwa Gwakisa, mwanawe wa kwanza, ofisa wa ardhi huko Dodoma, mtu asiyepiga simu saa za kazi.

"Shikamoo mama. Mama… uko salama?"

"Marahaba. Niko salama."

"Mama, Daftari limenitumia… sijui hata niseme vipi. Linasema umekula udongo. Halafu linasema…" Sauti ilipotea, ikarudi. "Linasema hongera."

Kupitia mlango uliokuwa wazi, Atuganile aliiona wodi ng'ambo ya korido. Mama Lusekelo alikuwa amesinzia kwenye kiti. Subilaga alikuwa macho, akivikunja na kuvikunjua vidole vyake, kimoja baada ya kingine, kama anayejifunza kuvihesabu.

"Mama, ni makosa ya mashine, siyo? Nipige simu wakayafute?"

"Usifute."

"Sasa niwaambie nini wadogo zangu? Wameshaniandikia wote! Mama, ni kweli au si kweli?"

Chembe za udongo zilisagika katikati ya meno yake.

"Nimekula udongo, hiyo ni kweli," alisema. "Hayo mengine subirini, nitawaeleza."

"Tusubiri mpaka lini?"

"Mpaka acheze," alijibu Atuganile, akakata simu, akaenda kunawa jeli.